Baragumu la kumwitia dume la musi: la kununua na la kuacha

Ndugu zangu mlioko jimbo la Maine, Marekani, ambao majina yenu yametoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda musi, Septemba inayoyoma. Swali ninaloulizwa zaidi si la bunduki, ni la mwito: nimwitie musi kwa kifaa gani?

Kwa asiyemfahamu, musi ndiye kulungu mkubwa kuliko wote. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 500, na msimu wa kupandana, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, karibu anasahau kula. Akimsikia jike analia, anamfuata.

Nafasi ya kwanza naipa baragumu la magome ya mti wa betula, bila kusita. Wami'kmaq na mataifa mengine ya wenyeji wa asili wa misitu hii wanalitumia tangu kale, na hadi leo sijaona cha kulishinda. Tafuta lenye urefu wa sentimita 40 hivi, na ukiweza mnunulie fundi mwenyewe. Lijaribu hapohapo: ziba tundu kubwa kwa kiganja, puliza taratibu kwenye tundu dogo. Ukihisi upepo unakugusa shavuni kutoka kwenye mshono, mrudishie. Halafu ingiza kidole ndani, pawe laini.

Sauti yenyewe ni ya koo lako, baragumu linaikuza tu. Bana pua, anza chini, panda, ning'iniza, kisha iache ishuke hadi ifie. Gome lina faida mbili zaidi. Likigusa kijiti njiani, mlio wake ni wa mti, haumshtui mnyama. Na halinyonyi maji, kwa hiyo unaweza kuyachota ziwani na kuyamwaga polepole kutoka juu. Dume aliye karibu atasikia jike anakojoa.

La pili ni mfupa wa bega la musi, uliochemshwa na kukaushwa. Mara nyingi hata huununui, unamwomba aliyewinda mwaka uliopita. Ukwanguze kwenye vichaka na dume atadhani mwenzake ananoa pembe. Wale wanaosita kutoka msituni, wivu huwatoa.

Baragumu la plastiki ni la tatu. Ni rahisi na linavumilia kuangushwa, lakini kijiti kikiligusa linalia kama ndoo. Lifunge kitambaa.

Kopo la kahawa lililotobolewa kitako na kupitishwa kamba ya kiatu ni la wenye koo dogo. Lowesha kamba, ivute kwa vidole, kopo litaguna. Asubuhi ya barafu kamba huganda, ndiyo maana nimeliweka hapa.

Spika ya betri ningeiacha dukani. Kuna maeneo sheria inaikataza kwa musi, kwa hiyo soma kanuni za unakowinda kabla ya kutoa pesa. Hata inaporuhusiwa, inarudia mlio uleule, wala haijui dume amesimama hatua sitini anasubiri mguno mdogo tu.

Mpiga baragumu akae nyuma na upande wa mwenye bunduki, kwa sababu dume hupenda kuzunguka hadi demani, upepo unakoelekea, anuse kwanza. Mwenye bunduki amsubiri huko.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kununua: kigodoro cha kukalia. Msimu uliopita nilimsindikiza rafiki kaskazini mwa jimbo. Tuliita vizuri, tukangoja robo saa, ardhi ikatushinda kwa baridi, tukaondoka. Mchana tulipopita tena palepale, kwenye tope nililokuwa nimekalia palikuwa na alama ya kwato, ndefu kuliko kiganja changu, maji yakiwa bado yanajaa ndani yake taratibu. Mwaka huu tunakaa saa nzima baada ya kila mwito.