Mbangi Chotara wa Baridi: Sakitu Haikuuweza, Ukungu Ukaumaliza

Nililipasua ua kubwa la juu kwa kidole gumba, likaachia kama mkate ulioingia maji. Ndani kijivu tupu, na vumbi lake likanipanda puani. Kwa nje lilikuwa zuri kuliko ua lolote nililowahi kuotesha: zambarau iliyokolea, vinyweleo vya utomvu vinang'aa, harufu ya msonobari inakupokea kabla hujaufikia mche. Moyo wake ulikuwa umeshaoza, sijui tangu lini.

Hiyo ndiyo mbegu chotara niliyouziwa kwa maneno makubwa ya "kustahimili baridi". Ninakoishi sheria inamruhusu mtu mzima kuotesha miche michache kwa matumizi yake mwenyewe. Nilikuwa na mitatu tu, na kila mmoja niliujua tawi kwa tawi. Mwenye mitatu akiharibikiwa na mmoja, theluthi ya msimu wake imekwenda, na huo ulioharibika ndio uliokuwa mkubwa.

Kwa upande wa baridi yenyewe wauzaji hawakudanganya, na hilo nalisema ingawa linaniuma kulisema. Usiku mmoja kuelekea mwisho wa msimu kipimajoto kilishuka chini ya sifuri. Asubuhi nikakuta sakitu nyeupe kwenye nyasi, nyanya zimelala chini nyeusi, maboga yamenyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nikaenda kwenye mibangi nikijua nakwenda kuzika. Majani yalikuwa yamelegea na kukunjamana, lakini jua lilipopanda yakaanza kunyanyuka moja moja, na kufikia saa nne ungeapa usiku ule haukuwahi kuwepo. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Siku ile ningewapa alama zote bila kufikiri mara mbili.

Basi kwa nini kuoza? Jibu liko kwenye ukoo wake, na wauzaji walikuwa nalo tangu mwanzo. Mzazi mmoja, kwa maelezo yao, ni indika, aina ya bangi ya milima ya Hindu Kush kule Afghanistan na Pakistan, na mwingine ana damu kidogo ya ruderalisi, ile bangi fupi ya porini ambayo mtaalamu wa mimea wa Kirusi aliieleza kisayansi mwaka 1924. Ruderalisi hachanui kwa kuhesabu urefu wa usiku kama mibangi mingine. Huchanua kwa umri. Damu hiyo, hata ikiwa ndogo, huweza kuharakisha mambo, na kweli miche yangu ilianza kutoa maua mapema. Indika naye ndiye anayeleta ufupi, shina nene na maua yaliyoshikana kama ngumi.

Maua yaliyoshikana ndiyo yenye kesi. Kule milimani usiku ni baridi, lakini hewa ni kavu. Ngumi ile haina shida na baridi kavu. Baridi yangu mimi ni ya umande na mvua nyembamba isiyokatika, ya ukungu unaokaa bustanini mpaka adhuhuri. Maji yakishaingia katikati ya ua la namna hiyo hayana pa kutokea, na ukungu wa kijivu, yaani kuvu ile ile inayoozesha zabibu na stroberi, hauhitaji mwaliko zaidi ya huo. Kustahimili sakitu ni jambo moja na kustahimili unyevu ni jambo jingine kabisa. Anayeuza mbegu kwa watu wa nchi za baridi bila kutaja hilo hata kwa mstari mmoja ameficha nusu ya habari.

Nikawaandikia. Nikapiga picha, nikaeleza kwa adabu, nikauliza kama kuna wengine waliokutwa na hali hii. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, sentensi mbili: "Tuliandika kwamba inastahimili baridi. Hatukuandika kwamba inastahimili uzembe." Hakuna salamu wala jina. Uzembe! Mimi niliyeamka alfajiri wiki nzima kukung'uta umande kwenye matawi kwa mkono!

Sasa nikiri jambo moja, maana nimelitafakari sana. Usiku ule wa sakitu na kadhaa zilizofuata niliifunika miche kwa turubai la plastiki mpaka chini. Inawezekana kabisa nililifungia joto na unyevu humo humo. Lakini nani aliyeniambia nifunike? Karatasi yao ya maelekezo! "Funika usiku wa sakitu," basi. Hakuna neno kuhusu kuacha hewa ipite, hakuna neno kuhusu kupunguza majani ya ndani.

Halafu hiyo zambarau wanayoitangaza kama ushahidi wa ugumu. Rangi hiyo ni anthosiyanini, rangi ya asili ya mimea, na mche uliorithi uwezo wa kuitengeneza huionyesha zaidi usiku unapopoa. Si koti la baridi. Kati ya mitatu yangu, miwili iligeuka zambarau na mmoja ukabaki kijani mpaka mwisho. Huo wa kijani, ambao nilikuwa nauonea huruma kwa maua yake machache yaliyoachana, ndio uliovuka msimu bila doa. Upepo ulipita katikati yake. Wa pili wa zambarau niliuokoa nusu, kwa kukata kila palipokuwa na jani dogo lililokauka ghafla juu ya ua, maana hiyo ndiyo dalili ya kwanza na mimi niliichelewa.

Nimekausha nilichopata. Ni kizuri, siwezi kusema vinginevyo: harufu imekaa, moshi laini, usingizi wake mtulivu. Nilipoketi kuandika haya nilikusudia kutoa alama moja kati ya tano. Kwa mbegu peke yake, mwenye baridi kavu atoe nne bila hofu. Mwenye baridi ya maji kama mimi, mbili, au tatu akibahatika kupata mche wa maua yaliyoachana.

Mbegu mbili zimebaki kwenye bahasha. Nitaziotesha msimu ujao chini ya paa lisilo na kuta, na nitapogoa ndani mapema. Lakini kwa wale walioniita mzembe sinunui tena, hata wakiomba radhi.