Konekta ya waya wa dishi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Masika yakianza hapa pwani, simu za mafundi dishi haziachi kuita. Lalamiko ni lile lile: nusu ya chaneli zimepotea, nusu zipo. Mwenye nyumba ameshanunua LNB mpya, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, pengine hata king'amuzi kipya, na hali haijabadilika. Unapanda juu ya bati, unafungua konekta nyuma ya LNB, unakuta waya wa kati umeota kutu ya kijani. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichozima televisheni.

Kwa nini nusu tu? King'amuzi hupandisha umeme kwenye waya ule ule unaoshusha mawimbi: volti 13 kwa chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa zile za mawimbi ya mlalo. Kutu ikizuia umeme, zile volti 18 hufika juu zimepungua, LNB inajiweka upande wa wima, na chaneli zote za mlalo zinatoweka. Kwa hiyo kabla hujanunua kingine chochote, kagua konekta za nje.

Konekta hii inaitwa konekta ya F. Aliyeibuni ni Eric Winston, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa katika kampuni ya Jerrold huko Marekani, kwa ajili ya televisheni za kebo. Kilichoifanya iwe rahisi kutengeneza ni kwamba haina pini yake: waya wa kati wa kebo ndio unaokuwa pini. Hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwa sababu ncha ya waya imebaki wazi, na uhai wake unategemea jinsi konekta ilivyoziba nyuma na mbele.

Nafasi ya kwanza naipa konekta ya kugandamiza, na siipi kwa kusitasita. Ina bomba dogo ndani linaloingia kati ya karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi, vilivyo chini ya ganda la waya, na nyuma ina pete. Ukiiweka kwenye koleo lake na kubana, pete inasukumwa ndani na kulikamata ganda la waya mzunguko mzima. Hakuna mahali palipobanwa zaidi ya pengine, wala upenyo wa maji. Ukiuvuta waya kwa nguvu zako zote, hautoki. Unapokuwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ishike mkononi kwanza: ya brasi iliyopakwa nikeli ina uzito, na hesi zake zinazunguka laini. Ile nyepesi ya zinki hupasuka ukiikaza kwa spana, na hewa ya chumvi huimaliza mapema. Angalia pia kama ndani ya nati kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji. Kwa dishi la nje, mpira huo ni wa lazima.

Ya pili ni ya kubana kwa koleo la pembe sita. Mafundi wengi wa zamani walijifunza kwa hii, na ikibanwa kwa koleo lake halisi inashika vizuri. Shida ni zile pembe: kati ya upande na upande hubaki mwanya mdogo, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba ni konekta nzuri kabisa. Nje ni sharti uizungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Wanaoibana kwa plaisi ya kawaida wanaiponda tu, na waya wa ndani unapondeka nayo.

Ya tatu ni ya kuzungusha kwa mkono, inayouzwa kila duka la umeme kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Nilizitumia miaka yangu ya kwanza ya kazi. Nilimfungia jirani yangu, mama mtu mzima aliyenilea kama mwanawe, na masika ya kwanza maji yakapita kwenye wavu wa waya, yakashuka ukutani mpaka ndani ya king'amuzi. Nilimnunulia kingine kwa pesa yangu, na tangu siku ile sijaifunga konekta ya aina hiyo nje ya nyumba ya mtu. Inashikilia ganda la plastiki kwa hesi zake basi, na jua likililainisha ganda hilo inaanza kuteleza. Itumie sebuleni, nyuma ya televisheni, pasipovutwa wala kusogezwa.

Ya mwisho ni ya kuchomeka tu, isiyo na hesi. Inamfaa fundi kwa kipimo chake cha mawimbi anapotafuta setilaiti. Haifai kuachwa mahali popote.

Konekta nzuri haiwezi kuuokoa waya mbaya. Soma maandishi kwenye ganda: kwa dishi unataka RG6 ya omu 75, yenye unene wa nje wa karibu milimita 7. RG59 ni nyembamba zaidi, na konekta ya RG6 italegea juu yake hata ukiibana vipi. Nenda dukani na sumaku ndogo. Waya wa kati ukinasa, ni chuma kilichopakwa shaba; unafanya kazi kwa umbali mfupi, lakini umeme wa LNB hupungua zaidi njiani, na ncha iliyokatwa hushika kutu haraka. Ukwaruze pia kwa kisu: weupe ukitokea chini ya shaba, na sumaku haikunasa, hiyo ni alumini. Mimi nanunua shaba tupu, ganda jeusi kwa nje.

Kuifunga ni kazi ya dakika mbili ukiwa na kifaa cha kuchunia chenye visu viwili. Waya wa kati uwe wazi milimita 6 hivi, kisha milimita 6 nyingine za plastiki nyeupe iliyobaki na karatasi yake ya alumini. Kunja wavu wote kurudi nyuma juu ya ganda, na usiing'oe karatasi iliyoshikana na ile plastiki. Chunguza kwa makini, ikibidi kwa tochi ya simu: unyuzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati ni shoti, na king'amuzi kinaweza kuungua. Sukuma konekta hadi plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya ndani ya konekta. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema, kwa kuwa inahitaji nguvu. Plastiki ikiwa haijafika, usibane. Chomoa, anza upya. Ukishabana, waya wa kati utokeze mbele ya mdomo wa konekta kidogo tu, isizidi milimita 3.

Je, ununue koleo? Kama una dishi moja nyumbani, hapana. Nunua konekta nne za kugandamiza, mbili za kutumia na mbili za akiba, kisha mwite fundi mwenye koleo lake na umwambie kabla hajapanda kwamba hutaki nyingine. Kwa mwenye nyumba za kupangisha au fundi anayeanza, koleo ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, hata kabla ya kipimo cha mawimbi. Chagua lenye urefu unaorekebishika, kwa sababu konekta hazilingani urefu, na lijaribu palepale dukani kwa konekta unazokusudia kutumia.

Kaza nati kwa mkono kwanza, halafu spana namba 11 kidogo tu. Acha waya uning'inie kitanzi chini ya LNB, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi kwenye konekta. Na ukitaka kuongeza silikoni ya kuzibia, inuse kwanza: yenye harufu ya siki inakula shaba, irudishe dukani uombe isiyo na harufu hiyo.