Sarafu ya nyumbani au ya pale ulipo?

Umechomeka kadi ugenini, mashine inakuuliza: ulipe kwa sarafu ya nchi hiyo au ya kwenu? Linasikika kama swali la ukarimu. Lina bei yake.

Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha fedha ni mfanyabiashara pamoja na kampuni inayompa huduma ya mashine, na kiwango wanapanga wao. Raha yake ni moja tu: unaona papo hapo kiasi kitakachokatwa. Tuseme bili ni euro 200 na wameongeza asilimia 5. Umewaachia euro 10 kwa kuonyeshwa namba uliyoizoea. Halafu kuna benki zinazokukata tozo ya muamala wa nje hata hapo, kwa kuwa duka liko nchi nyingine. Yaani unakatwa mara mbili.

Ukichagua ya pale, hesabu hufanywa na mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, kwa kiwango ambacho kwa kawaida hakiko mbali na cha soko. Benki yako nayo huongeza tozo yake. Ikiwa ni asilimia 2, bili ileile inakugharimu euro 4 zaidi. Kasoro ni kwamba kiasi kamili hukijui mpaka muamala upite.

Mimi hubonyeza ya pale bila kusita. Kwenye ATM swali huja kwa sura nyingine, "kubali kiwango hiki", na kitufe cha kukataa kinatisha kidogo. Kataa tu, kwa kawaida pesa hutoka vilevile.