Monita ya 4K: kabla ya kuuliza inchi, uliza Hz

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi siku hizi unafanana: "Dada, nimechukua monita ya 4K, picha safi kabisa, lakini mausi nzito. Nimepigwa?" Monita si mbovu. Umeuziwa 4K ya Hz 30, yaani inabadili picha mara 30 tu kwa sekunde, na aliyekuuzia ama hajui, ama anajua akanyamaza.

Habari za rangi na upana wa kioo sizigusi, hizo kila duka linaziimba. Ugomvi wangu uko nyuma ya monita, kwenye matundu. Kioo cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD. Tundu la HDMI 1.4, toleo la 2009, linausukuma mzigo huo mara 30 tu kwa sekunde. Ukitaka 60 lazima iwe HDMI 2.0, iliyotoka 2013, au tundu jingine la picha, DisplayPort, kuanzia 1.2. Na monita peke yake haitoshi: tundu la kompyuta nalo liwe la kiwango hicho, na kile kiadapta cha USB-C cha bei chee pia. Angalia maandishi yake madogo, vingi vimeandikwa 4K kwa herufi kubwa halafu 30Hz pembeni kama siri. ThinkPad T480, laptopu ya mtumba inayopendwa na watu wengi, HDMI yake ni 1.4. Ukichomeka hapo umeumia. Tumia USB-C yake, ile 60 inaitoa.

Dukani huwezi kugundua, maana winga anakuwekea video ya maua na ndege. Sinema nyingi hupigwa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kioo cha Hz 30 kinazimudu vizuri tu. Mwambie aitoe. Fungua Excel yenye safu nyingi, shika mausi, zungusha kishale harakaharaka, kisha shusha ukurasa. Kwenye Hz 30 kishale kinaacha mapengo njiani na namba zinarukaruka badala ya kuteleza. Halafu ingia Settings ya Windows, Display, Advanced display, usome Hz zilizoandikwa pale. Fanya hivyo na laptopu yako mwenyewe, si ya duka, kabla hujatoa hela.

Haya, orodha yangu ya za kununua: nafasi ya kwanza ni Dell UltraSharp U2723QE, na sijifichi kwamba mimi ni mtu wa Dell. Waya mmoja wa USB-C unaleta picha ya 4K kwa Hz 60 na kuchaji laptopu hadi wati 90, na nyuma kuna tundu la intaneti ya waya, kwa hiyo vile viadapta unaagana navyo. Mguu unapanda na kushuka, kioo kinageuka hata wima. Paneli yake, aina ya IPS Black, ina kontrasti (tofauti ya cheupe na cheusi) ya 2000:1, wakati IPS za kawaida huwa 1000:1, hivyo cheusi kinakaribia kuwa cheusi kweli. Ikiwa mpya si ya bei ndogo. Mfuko ukikataa, tafuta U2720Q iliyotumika, nayo inachaji wati 90.

Ila ukichukua iliyotumika, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe utafute USB-C Prioritization. Ikiwa imewekwa High Data Speed, baadhi ya laptopu zitashuka hadi Hz 30 zile zile, na utamlaumu muuzaji bure kwa kitu alichokibadili mtumiaji wa kwanza. Irudishe High Resolution. Na usinunue nembo tu: Dell P2815Q ya 2014 ni 4K ya inchi 28, haivuki Hz 30 hata ufanyeje. Ukiiona kwenye mitumba, pita.

Ya pili ni LG 27UP850. USB-C ipo, mguu unapanda, sina kesi nayo kubwa. Dada yake 27UL500 ni nafuu zaidi lakini haina USB-C na mguu wake haupandi, labda uweke vitabu chini.

Ya tatu itawaudhi wapenda 4K: inchi 27 ya QHD, pikseli 2560 kwa 1440. Kama laptopu yako ina HDMI 1.4 tu na huna mpango wa kuibadili, chukua hii. Inakubali Hz 60 bila kulazimisha, na herufi ni kali vya kutosha.

TV ya 4K ya inchi 43 ni ya nne, kwa wenye meza ndefu. Washa Input Signal Plus kwa Samsung, au Deep Colour kwa LG, na tundu ulipe jina la PC. Usipofanya hivyo, herufi nyekundu zitakuwa na ukungu.

Ya mwisho, Full HD ya inchi 32, ni ya bei rahisi na inafaa kwa mpira. Nyingine hutangazwa "inasapoti 4K": maana yake inaipokea, kisha inaipunguza.

Sasa hawa wauzaji. Picha kumi na mbili mtandaoni, bei "njoo DM". Ukienda DM, swali la kwanza ni "uko wapi dada?" Ninapoishi kunahusiana nini na bei ya kioo? Ukifika dukani, boksi limeshafunguliwa, waya wa DisplayPort haupo, na badala yake umepachikwa wa VGA, ule wa zamani, ambao picha ya 4K haupitishi kabisa. Uliza ule wa mwanzo, utaambiwa unauzwa peke yake. Ulikuja bure kutoka kiwandani, bosi. Ama uurudishe kwenye boksi, ama upunguze bei.