Mbolea ya fosfati Lubumbashi: ununue ipi kwa ajili ya mahindi?

Mfuko wa bei ndogo mara nyingi ndio unaokula pesa nyingi. Kabla ya kutoa franga, soma namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko: nitrojeni, fosfati, potasi. Ni asilimia, basi zidisha namba ya katikati kwa uzito wa mfuko, gawa kwa 100, upate kilo za fosfati, kisha gawa bei kwa kilo hizo. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, yaani fosfati ya amonia (18-46-0), una kilo 23 za fosfati. Wa 10-20-10 una kilo 10, na wa 17-17-17 una kilo 8.5 tu. Hata DAP ikiuzwa mara mbili ya bei ya 10-20-10, fosfati yake bado ni rahisi.

Nakazia fosfati kwa sababu udongo wetu mwekundu una chuma na alumini nyingi, na hizo huikamata isifike kwenye mizizi. Mahindi machanga yenye majani ya zambarau mara nyingi yanalilia hiyo.

1. DAP. Kwa mahindi naiweka mbele. Nitrojeni yake huamsha mche, fosfati hujenga mizizi. Ila haina potasi, na ukiitumia miaka mfululizo inazidisha uchachu wa udongo.

2. 10-20-10. Wakulima wa Zambia huiita D na huipandia mahindi. Ichague kama shamba limelimwa miaka mingi na mabua huondolewa au kuchomwa, maana potasi inaondoka nayo.

3. TSP (triple superphosphate). Ina fosfati sawa na DAP, bila nitrojeni. Kwa maharage, soya na karanga ingekuwa ya kwanza, kwani mimea hiyo hujitafutia nitrojeni hewani. Kwa mahindi utalazimika kuongeza urea mapema.

4. Unga wa mawe ya fosfati, kama ule wa Minjingu, Tanzania. Hapa inafaa kujua mbolea hizi zinavyotengenezwa. Zote zinatoka kwenye mwamba wa fosfati, ambao hauyeyuki kwa maji. Kiwandani mwamba huchanganywa na asidi ya salfuriki, ileile inayoyeyusha shaba katika viwanda vya Kolwezi, na hutoka asidi ya fosfori. Ukiiongezea amonia unapata DAP. Ukiiongezea mwamba zaidi unapata TSP. Unga haujapita huko, basi uchachu wa udongo ndio unaouyeyusha, polepole. Umwage shamba zima na uchanganye na udongo. Ni mali ya misimu ijayo. Usiutegemee peke yake mwaka huu.

5. 17-17-17. Nzuri kwa bustani ya lengalenga, kabeji na nyanya. Kwa shamba la bukari ni fosfati ya bei kali.

Kama udongo umepimwa na pH, kipimo cha uchachu, iko chini ya 5.5, anza na chokaa ya shamba, majuma kadhaa kabla ya kupanda. Mawe yake hatukosi: Kakontwe, karibu na Likasi, iko palepale. Ila chokaa na DAP zisikutane siku moja, maana amonia itapotea hewani.

Jambo hilohilo linakusaidia kukagua. Weka punje chache za DAP kwenye kopo pamoja na chokaa ya kupakia ukuta na tone la maji, usishike kwa mkono. Harufu kali ikikosekana, hiyo si DAP. Ikitoka, bado angalia kama mfuko umeshonwa kiwandani, punje hazijagandamana, na uzito ni kamili kwenye mizani. Mbolea iliyofunguliwa na kuuzwa kwa bakuli usiichukue, hata kama muuzaji ni jirani.

Na kama pesa inatosha mfuko mmoja tu wa DAP, ulime nao nusu hekta, usiutandaze zaidi. Ukipanda sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ni chini kidogo ya gramu 4 kwa shimo, ikae sentimita 5 pembeni ya mbegu ili isiiunguze.