Jumatano za Kotabeki wa Akiba: Tathmini ya Ukumbi Mmoja wa Mpira, Nkuhungu

Ukumbi ninaoutathmini hapa uko Nkuhungu, Dodoma, ndani ya uwanja wa nyumba ya kawaida, na kwa siku sita za juma ni kibanda umiza kama vingine: Ligi Kuu ya Uingereza, mechi za Simba na Yanga, kelele, jasho na kiingilio cha shilingi 1,000. Siku ya Jumatano mambo hubadilika. Mwenye ukumbi, ambaye zamani alifundisha makipa wa timu za mtaa na ambaye wote humwita Kocha, huonyesha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, tena haonyeshi fainali wala mechi kubwa. Huonyesha mechi za maandalizi ya msimu, nusu ya pili tu, pale ambapo wenye majina wamekwisha kuvua kofia na walioko uwanjani ni makotabeki vijana wa akiba. Nimehudhuria vikao vitano mfululizo kuanzia mwanzo wa Agosti, na ninaandika kwa sababu sijaona mahali pengine katika jiji hili ambapo mtazamaji hufundishwa kumpima mchezaji badala ya kumshangilia tu.

Kwa asiyeujua mchezo huo, kotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa mwenzake aliyeinama mbele yake, kisha ndani ya sekunde mbili au tatu akaamua ama aurushe, ama aukabidhi kwa mkimbiaji, ama akimbie nao mwenyewe. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja. Mshambuliaji wa akiba katika soka anaweza kuingizwa dakika ya 70 akachangamsha mchezo, lakini kotabeki wa akiba hukaa benchi msimu mzima akisubiri mwenzake aumie au ashindwe, na kwa sababu hiyo Kocha humlinganisha na kipa wa pili. Katika kikao cha kwanza aliwakumbusha watu Aprili 2023, Aishi Manula alipokuwa majeruhi na Ally Salim akasimama langoni dhidi ya Yanga, Simba ikashinda 2-0. Ukumbi mzima ulielewa hapo hapo, na hatukuhitaji tena kuelezwa kwa nini timu za Marekani huhangaika kila mwaka kutafuta kijana wa kukaa nyuma ya nyota wao.

Mechi hizo hazitazamwi moja kwa moja. Mchezo unaoanza saa moja jioni New York mwezi wa Agosti huanza saa nane usiku kwetu, na tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi tatu tu za maandalizi kwa kawaida, kwa hiyo Kocha huzirekodi, huchagua vipande na kuvipanga kabla ya Jumatano. Utaratibu wake ni huu: huonyesha kipande hadi kotabeki anapopokea mpira, anasimamisha picha, halafu anamwita mtu mmoja mbele ya kioo aeleze anachokiona. Katika kikao cha pili alimwita kijana wa kidato cha tatu ambaye ni kipa wa akiba wa timu yake ya shule.

"Mwanangu, huyu anatazama wapi?"

"Shikamoo Kocha. Anamtazama mpokeaji wa kulia."

"Marahaba. Na beki wa kati anatazama wapi?"

Kijana alisogea hadi kivuli chake kikafunika nusu ya ukuta, akainama, akakaa kimya kwa muda mrefu. "Anamtazama kotabeki machoni." Kocha akaiachia picha, mpira ukarushwa kulia, beki yule akawa amekwisha kufika. Picha ikarudishwa, ikasimamishwa tena, na safari hii tulionyeshwa miguu: kisigino cha nyuma cha kotabeki kilikuwa kimeinuka na bega limefunguka kuelekea kulia tangu mwanzo, kana kwamba uamuzi ulikwisha kufanywa kabla ya mpira kumfikia mkononi. Kosa lile halikuhusu nguvu za mkono hata kidogo. Kwa dakika kumi na tano tulitazama kipande hicho kimoja chenye urefu wa sekunde nne, na mimi niliyedhani naujua mchezo huu nilitoka nikiwa nimejifunza kwamba macho na miguu huanza kusema kabla mkono haujarusha.

Jambo la pili analolisisitiza, ambalo watoa tathmini wengi hulisahau, ni kumwangalia anayekabiliana na kijana huyo. Robo ya nne ya mechi ya Agosti mara nyingi huwakutanisha akiba na akiba, na wengi wao hawatakuwemo katika kikosi cha wachezaji 53 msimu unapoanza. Kijana anaweza kuonekana hodari kwa kuwachezea mabeki wasio na ajira wiki mbili baadaye. Kwa hiyo Kocha hubandika ukutani karatasi yenye majina ya mabeki waliokuwa uwanjani, akapigia mstari wale wa kikosi cha kwanza, na pasi iliyokamilika dhidi ya hao huihesabu kwa uzito wake. Aliongeza jambo lingine ambalo mimi sikulijua: tangu mwaka 1994 kocha huzungumza na kotabeki kupitia redio iliyomo ndani ya kofia, lakini sauti hiyo hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila mchezo inapobakiza sekunde 15. Kuanzia hapo kijana yuko peke yake na macho yake, naye Kocha hutaka tutazame hasa sekunde hizo, jinsi anavyowapanga wenzake upya kwa mkono, kama anawapanga.

Kikao cha tatu ndicho kilichonifanya niamue kuandika tathmini hii. Kocha aliweka kando mechi za maandalizi akatuonyesha San Francisco 49ers dhidi ya Philadelphia Eagles, mechi ya Januari 2023 ya kuamua nani aende Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Mwaka 2021 timu ya 49ers ilikuwa imetoa chaguo tatu za raundi ya kwanza katika drafti, ule utaratibu wa kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji vijana kwa zamu, ili impate kotabeki Trey Lance. Lance akavunjika kifundo mwanzoni mwa msimu wa 2022, Jimmy Garoppolo akaumia mguu mwezi wa Desemba, na timu ikabaki mikononi mwa Brock Purdy, kijana aliyechaguliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa katika drafti ya mwaka ule. Purdy alikuwa ameshinda mechi moja baada ya nyingine hadi siku hiyo, ambapo kiwiko chake kiliumia mapema kabisa. Akaingia Josh Johnson, naye akapigwa kichwa na kutolewa. Purdy akarudi uwanjani akiwa hawezi kurusha. Tulikaa kimya tukitazama timu yenye safu ya ulinzi iliyokuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa ikikabidhi mpira kwa wakimbiaji tu, kila mtu uwanjani akijua itakabidhi, hadi ikafungwa 31-7. Baada ya hapo ligi ilirudisha kanuni inayoruhusu kotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi. Mama anayeuza chai mlangoni, ambaye kwa kawaida hajali kinachoonyeshwa, aliweka birika chini akauliza, "Sasa baba, hawana mwingine?" Hakuwepo.

Hapa nina hoja ya kumpinga Kocha, na naamini atanisamehe kwa kuwa nilimwambia mwenyewe. Anawapenda mno Purdy na Tom Brady. Kila mara mtu anapouliza kama inafaa kutumia chaguo la juu kwa ajili ya kotabeki wa akiba, hujibu kwamba Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akamrithi Drew Bledsoe aliyeumia Septemba 2001, na msimu huo huo akatwaa Super Bowl. Ni kweli tupu. Lakini mwaka ule makotabeki sita walichaguliwa kabla ya Brady, na mmoja wao, Giovanni Carmazzi, aliyechukuliwa na 49ers hao hao katika raundi ya tatu, hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Wa raundi za mwisho wasiosikika tena ni wengi kuliko waliosikika, na mkulima wa Hombolo aliyepata mavuno mazuri mwaka mmoja baada ya kupanda amechelewa hawashauri jirani zake wasubiri mvua ziishe. Ukitaka kumtathmini kijana, wapo waliokaa nyuma ya mkongwe kwa mpango, na hao ndio wangefaa kupewa kikao kizima: Aaron Rodgers, chaguo la 24 mwaka 2005, aliyekaa misimu mitatu nyuma ya Brett Favre, na Patrick Mahomes, chaguo la 10 mwaka 2017, aliyeanza mechi moja tu mwaka wake wa kwanza huku Alex Smith akiongoza, kisha mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi.

Kuhusu drafti yenyewe, kikao cha nne kilikuwa kizuri ingawa kilipita haraka kuliko nilivyotaka. Kocha alieleza kwamba mkataba wa kijana aliyechaguliwa huwa wa miaka minne kwa malipo yanayofuata nafasi aliyochaguliwa, na kwa kuwa kila timu ina ukomo wa mishahara, kotabeki kijana mwenye uwezo huiachia timu fedha za kuwalipa wengine. Purdy alikuwa akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka alipoifikisha timu yake Super Bowl ya msimu wa 2023. Mwaka 2025 alisaini mkataba mpya wa dola milioni 265. Tofauti hiyo ilizua mnong'ono ukumbini. Alitaja pia utaratibu wa Ron Wolf alipokuwa meneja mkuu wa timu ya Green Bay miaka ya 1990, wa kuchagua kotabeki karibu kila mwaka ingawa Favre alikuwapo na alikuwa haumii. Mark Brunell na Matt Hasselbeck walilelewa hivyo, kisha wakauzwa kwa timu nyingine na kuongoza huko. Mimi naona huo ndio mpango wenye akili kuliko yote, kwa sababu timu humchagua kijana ikiwa haina njaa, na mwenye njaa hununua mahindi mabichi kwa bei ya mabivu.

Ubishi ulichacha ilipofika zamu ya timu ya Cleveland Browns, ambao mwaka 2025 walichagua makotabeki wawili katika drafti moja, Dillon Gabriel wa 94 na Shedeur Sanders wa 144. Wengi walisema ni kuchanganyikiwa. Nilisimama nikawatajia timu ya Washington mwaka 2012, waliomchukua Robert Griffin III wa pili kisha Kirk Cousins wa 102. Griffin aliumia goti, na miaka mitatu baadaye Cousins ndiye aliyekuwa akiongoza. Shida ya kuwa na vijana wawili ni mazoezi: msimu ukianza, karibu zamu zote za mazoezi humwendea kotabeki wa kwanza, na zinazobaki hazitoshi kumlea mmoja, sembuse wawili. Kwa hiyo timu inayofanya hivyo inapaswa kuwa na mwalimu ambaye kazi yake ni hao vijana tu.

Kuhusu ukumbi wenyewe kuna mambo ya kurekebishwa. Vikao huanza saa kumi na mbili jioni, na kwa nusu saa ya kwanza mwanga wa machweo hupenya kwenye mapengo ya bati na kufifisha picha, hali inayokera kwa sababu somo lote linategemea kuona kisigino na macho. Turubai moja upande wa magharibi lingemaliza tatizo. Umeme ulikatika mara mbili, na jenereta lililoko karibu mno na ukuta lilimeza sauti ya Kocha, tukabaki tunasoma midomo. Benchi za nyuma hazina egemeo. Upepo wa Agosti nao ni ule ule tunaoujua, kwa hiyo asiyekuja na koti atajuta. Kwa upande mwingine, choo ni kisafi, chai ya tangawizi ni ya moto kweli, na kwa kuwa ni msimu wa zabibu, Mama huuza vikopo vya zabibu nyeusi kwa shilingi 500, tamu kiasi kwamba nilikuwa nikinunua viwili kila kikao.

Kiingilio cha Jumatano ni shilingi 1,000, na wanafunzi wenye sare hulipa nusu. Kaeni safu ya pili upande wa kushoto, mbali na jenereta, na njooni na daftari, maana Kocha huwapa wageni karatasi ya mabeki na kuwataka wapige mistari wenyewe kabla hajaonyesha yake. Yule kijana wa kidato cha tatu hukaa hapo hapo mbele. Jumatano iliyopita mistari yake na ya Kocha ilipishana kwa beki mmoja tu, wakarudisha kipande mara tatu, na Kocha akaifuta yake.