Mswada kwa mchapishaji au simulizi WhatsApp?

Nimefanya zote mbili, kwahiyo naongea kwa uzoefu.

Mswada niliprinti nikabaindi nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja hapa Dar, nikaambiwa tutakupigia. Miezi 14 hiyo, kimya. Siwalaumu sana maana wachapishaji wetu wengi wanakula kwa vitabu vya shule, sasa riwaya ya mapenzi ya Mbagala wataipeleka wapi? Ila wakikukubali unapata mhariri wa kweli na hela ya kuchapa haitoki mfukoni kwako, shida mrabaha (fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa) mara nyingi unacheza kwenye asilimia 10 tu.

WhatsApp sasa. Sehemu ya 1 hadi ya 5 unamwaga bure kwenye magrupu, unakata palepale mume anapogonga mlango, afu anayetaka kuendelea anatuma hela kwa simu unamrushia zilizobaki. Mi nauza buku mbili. Hela inaingia siku hiyohiyo, na wasomaji wanakusema laivu ukichelewa kuposti au ukisahau kwamba mama mkwe ulishamuua sehemu ya 9 (ilinitokea), yaani nimejifunza kuandika pale kuliko warsha zote nilizokaa. Ubaya ni wizi, mmoja ananunua anafowadi ukoo mzima, kuna jamaa alifuta jina langu kabisa akaweka lake. Siku hizi natuma PDF yenye namba ya mnunuzi kila ukurasa.

Ukitaka cha karatasi, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba, unachapa hata nakala 50. Mi naendelea na WhatsApp, ule mswada wakae nao.